Sapatu za Chapa Mpya

Jambo lote lile lilinigharimu suti moja ya kijivu, kamisheni ya gari moja, Jumamosi za msimu mzima wa baridi, na uso wangu mbele ya watu wa kwetu. Nimehesabu mara mbili, hesabu ni ile ile. Kiwanda cha magari chenyewe kilipoteza fedha nyingi kuliko nitakazowahi kuziona, lakini kiwanda hakina mke wa kukiuliza jioni, "Leo vipi?"

Watu huniambia hayo ni ya zamani, niyaache. Zamani si risiti. Mtu hawezi kunionyesha miaka iliyopita akadai kuwa ameshalipa.

Nilifika Stockholm mwishoni mwa miaka ya sitini, nikitokea Tanga, kujifunza ufundi wa magari miaka miwili na kurudi. Miaka miwili ikaisha. Wa tatu nikaoa, mwanamke wa Moshi aliyekuja kusomea uuguzi. Wa nne nikavua ovaroli. Nilikuwa fundi katika duka moja la magari pale Farsta, karibu na stesheni, na siku moja mteja alikuja kuchukua gari lake lililotengenezwa, akaondoka na jipya. Sikupanga. Nilimwambia tu gari lake lilikuwa limebakiza miaka mingapi na ni sehemu gani itakufa kwanza, kisha nikamwonyesha lililokuwa dirishani. Bosi alikuwa amesimama nyuma yangu. Wiki iliyofuata nilipewa tai.

Waswidi hawapatani bei. Mtu anauliza bei, anaambiwa, anashukuru, anakwenda nyumbani kufikiri. Wauzaji wenzangu walikuwa wakimwacha aende. Mimi nilimfuata hadi nje kabla hajaanza kufikiri. Nampa mazulia ya mpira. Nampa matairi ya baridi, yale ya misumari, kwa nusu bei. Analeta lake kuukuu, nalizunguka kama mtu anayetazama ng'ombe mgonjwa, naguna, nataja bei, naye kwa mara ya kwanza maishani mwake anajikuta anabisha. Wengi walifurahi. Kuna mchungaji mmoja alirudi mara nne kwa sababu ya kubishana tu, ya nne akanunua.

Magari yetu yalikuwa ya watu wa kawaida: walimu, mafundi, mchungaji huyo. Hayakuwa mabovu wala ya kujisifia. Halafu wakubwa wa kiwanda wakakaa kikao, wakaona kuwa matajiri wanakwenda kununua kwa Wajerumani. Wakaamua kuzaa chapa ya pili. Jina jipya, nembo mpya, duka lake lenyewe katikati ya jiji, na mtu yeyote asiseme ni ndugu wa lile gari la walimu.

La kwanza lilipoletwa karakana kwetu kukaguliwa nililizunguka, nikainua boneti, nikalala chini yake na tai yangu. Injini ile ile. Chesisi ile ile, milango ile ile. Kilichoongezwa ni viti vya ngozi, kipande cha mbao kwenye dashibodi, saa ya mishale, shoo ya mbele, ule wavu wa kufunika rejeta, inayong'aa kama mdomo wenye meno ya dhahabu, na nembo. Bei ilikuwa imepanda kwa theluthi.

Hilo halikunikasirisha, naomba nieleweke. Nimekulia sokoni. Mjomba wangu aliuza mchele mmoja kwa bei mbili, wa kwenye gunia na wa kwenye bakuli la kioo, na akina mama wa mjini walipanga foleni kwenye bakuli. Lakini mjomba alijua kuwa ni mchele mmoja. Hawa walikuwa wameanza kuuamini uongo wao wenyewe.

Bosi aliniita ofisini, akanimiminia kahawa mwenyewe. Alikuwa mtu mrefu wa kaskazini, mwenye sauti ya taratibu, na tabia ya kukushika bega anapokunyima kitu. Siku hiyo hakunishika.

"Nakwenda kuliongoza lile duka jipya," akasema. "Nataka uje nami. Unauza kuliko wote hapa."

"Nije kama nani?"

"Kama muuzaji. Kuna meza mbili. Ya dirishani ni yako."

"Niandikie."

Akacheka. "Hapa kwetu neno linatosha."

"Basi liseme tena."

Akalisema tena, polepole, kama anavyosemeshwa mtoto. Meza ya dirishani ni yako. Nikanywa kahawa yangu.

Watu wa kwetu tulikuwa wachache mno wakati ule. Ukiwakusanya Watanzania, Wakenya, Waganda wawili na Mkongo mmoja mwenye gitaa, tulienea kwenye sebule moja, na mara nyingi sebule ilikuwa yangu. Rafiki yangu mkubwa alikuwa Mkenya aliyekuwa akifundisha shule kwao Machakos na sasa akiendesha basi. Sote tulimwita Mwalimu. Habari ya meza niliinong'ona kwa mke wangu peke yake. Mke wangu akamwambia mke wa Mwalimu wakikaanga maandazi. Kufikia chai, sebule nzima ilikuwa inajua.

"Huyu mnamwona hivi," Mwalimu akawaambia. "Mwezi ujao mkitaka kumsalimia mtaandika barua kwanza."

"Na wewe nitakuuzia kwa bei gani?" nikamwuliza.

"Mimi? Mimi nina basi. Refu kuliko lako, na dereva ni mimi mwenyewe."

Tukacheka. Mke wangu alinichagulia suti ya kijivu katika duka ambalo hadi siku ile tulikuwa tukipita mbele yake bila kugeuza shingo. Nilijaribu kupatana bei. Muuzaji alinitazama kama nimemwomba damu. Nikalipa nilichoambiwa, na hiyo ilipaswa kunionya juu ya mahali ninapokwenda.

Sasa niwaelezee lile duka. Mtu aliyepewa kazi ya kulipamba alitandika zulia jeupe, ukuta hadi ukuta, jeupe kama wali uliopikwa na mtu asiye na haraka. Hii ni Stockholm, ambako kuanzia Novemba hadi Aprili barabara ni uji mweusi wa theluji, mchanga na chumvi. Mahali pengine popote duniani zulia lile lingebadilishwa. Lakini Mswidi akiingia nyumbani, hata kwa mtu asiyemfahamu, huvua viatu mlangoni bila kuambiwa. Basi mmoja wa wakubwa wa kiwanda akasema kikaoni kwamba hili ni jambo zuri: mteja avue viatu, avae sapatu za sufu, ajisikie nyumbani. Wote mezani wakaona ni busara. Hawakuwa na hata mtu mmoja wa kuwaambia kwamba nyumbani mtu hanunui gari.

Si hilo tu. Miaka ile ile nchi nzima ilikuwa imetoka kuacha kuitana kwa vyeo. Daktari sasa aliitwa "wewe", mkurugenzi "wewe", na watu walikuwa wanaona fahari. Duka letu likaamriwa kurudisha vyeo. "Je, Bwana Mhandisi angependa kuketi?" Mimi nimelelewa kwa shikamoo, heshima hainisumbui. Lakini niliona nyuso za wale wahandisi. Walidhani wanakejeliwa.

Asubuhi ya ufunguzi nilifika nimepiga pasi mara mbili. Kwenye meza ya dirishani alikuwa ameketi bwana wa makamo, nywele za fedha, vifungo vya dhahabu kwenye mikono ya shati. Kwenye meza ya pili kulikuwa na maua. Nikamsalimu, nikamwuliza alikuwa akiuza nini zamani.

"Piano," akasema.

Bosi akatokea na kikapu. Kikapu kizuri cha ukili wa kizungu, kimejaa sapatu za kijivu, zimepangwa kwa ukubwa. Akanipa.

"Wewe ndiye mtu wa kwanza mteja atakayemwona," akasema. "Hiyo ni nafasi kubwa."

"Na meza?"

"Mpaka majira ya kuchipua. Wakubwa wa kiwanda wanataka kuona kwanza."

"Waone nini? Mauzo yangu ya Farsta yako kwenye kabati lako."

"Wateja wa hapa ni wa namna nyingine. Nawe unaipa nyumba sura ya dunia."

Akanishika bega.

Nimeulizwa mara nyingi kwa nini sikukiweka kikapu chini nikaondoka. Anayeuliza huwa hajawahi kukaa nchi ya watu na kodi ya nyumba na mke ambaye miezi mitatu ijayo ataacha kazi kwa ajili ya uzazi. Nafasi yangu ya Farsta ilishapewa mtu. Majira ya kuchipua yalikuwa na tarehe kwenye kalenda. Nilidhani ni ahadi yenye mwisho. Nikashika kikapu. Wapiga picha wa magazeti wakaja. Hawakumpiga picha muuza piano.

Mwalimu alikuja Jumamosi ya kwanza, amevaa koti lake la kanisani, na vijana wawili wa kwetu nyuma yake, wanafunzi wa uhandisi. Niliwaona wakivuka barabara nikatamani theluji iporomoke kutoka paani.

"Hodi hapa," Mwalimu akasema, huku anachungulia ndani. "Sasa, bwana, meza yako ni gani?"

"Vueni viatu kwanza."

"Nivue viatu? Kwani hii ni duka ama msikiti?"

"Ni zulia."

"Na wewe, kazi yako ni zulia?"

Wale vijana wakaanza kucheka. Mwalimu alicheka pia, mpaka alipokiona kikapu. Alikitazama, akatazama meza mbili, akamtazama yule bwana wa piano, na kicheko kikamwisha. Hapo ndipo nilipoumia. Kejeli ya Mwalimu nimeizoea, naweza kuilipa kwa riba. Adabu yake sikuwa nimeizoea.

Akavua viatu. Nikamchagulia sapatu. Akalizunguka gari moja taratibu, mikono nyuma, akarudi mlangoni akavaa viatu vyake.

"Gari ni mzuri," akasema. "Na suti ni mzuri pia."

Hakumwambia mtu. Wale vijana wawili walimwambia kila mtu. Jumapili iliyofuata sebule yangu ilikuwa na watu watatu.

Mke wangu hakupiga kelele. Alikuwa anasubiri mlangoni, mkono kiunoni, tumbo mbele.

"Leo umeuza?"

"Leo nimevisha."

"Wewe unayegombana na muuza samaki mpaka akuongezee kichwa, umeshindwa kugombana na huyo?"

"Muuza samaki ana mwenzake pembeni. Huyu ana meza peke yake."

Akanipisha nipite. "Basi subiri hayo majira yao. Lakini suti hiyo ning'iniza nje, kwenye roshani. Inanuka miguu ya watu."

Nikasubiri. Na kwa kuwa sikuwa na la kufanya mlangoni ila kutazama, niliona duka likifa mbele ya macho yangu. Mtu anaingia ana koti la maelfu, anavua viatu, na soksi ina tundu kwenye dole gumba. Amekwisha. Anatembea kama anayesubiri kuitwa na daktari. Hawezi kuuliza bei, sembuse kuibishia. Na mnunuzi wa gari, popote alikozaliwa, hupiga teke tairi. Hatafuti kitu, ndiyo salamu yake kwa gari. Mmoja alijaribu kwa sapatu. Sapatu ikaruka, ikateleza chini ya gari, na muuza piano akapiga magoti kuitafuta huku akisema, "Samahani, Bwana Mkurugenzi, samahani." Bwana Mkurugenzi akaondoka, na hakuonekana tena.

Nilimwambia bosi. Nikamwambia kwa upole, kwa Kiswidi changu kilichopigwa pasi. Zulia la kahawia, kapeti la mpira mlangoni, watu wabaki na viatu vyao. Akaniambia zulia ndilo chapa. Nikamwuliza chapa imeuza mangapi mwezi huu. Akaniambia chapa haihesabiwi kwa mwezi. Nilikuwa sijawahi kusikia biashara isiyohesabiwa kwa mwezi, isipokuwa ile ya kuomba.

Muuza piano hakuwa mtu mbaya. Alijua kazi yake, ila kazi yake ilikuwa piano. Anasimama kando, anakuacha utazame. Piano haikimbii, na mnunuzi wake hujileta mwenyewe. Mara moja aliniambia, akinywa kahawa karibu na kikapu changu, "Mimi hawakuniambia kwamba meza ilikuwa ya mtu." Nikamwambia sasa ameambiwa. Akamaliza kahawa, akarudi kuketi.

Mwezi wa pili, siku ya katikati ya wiki, alikuja mtu wa Upplands Väsby. Nilijua ni wa huko kwa sababu jina la mji liliandikwa ubavuni mwa gari lake la kazi, pamoja na jina la kampuni yake ya mabomba. Mtu mnene, mabuti hadi magotini, yamejaa matope ya mahali wanapojenga. Akasimama kwenye mkeka wa mlangoni.

"Sivui," akasema.

"Hujaombwa bado."

"Nimevaa soksi mbili tofauti. Mke wangu yuko kwa mama yake."

"Basi tazama kutoka hapa. Kutazama hakuna kodi."

Alitazama muda mrefu. Muuza piano alikohoa kwa mbali, akaona mabuti, akarudi kwenye karatasi zake. Tukaanza kuzungumza, mimi na yule fundi bomba, kwa "wewe" na "wewe". Mgongo wake ulikuwa umeharibika kwa kuinama chini ya masinki ya watu. Alikuwa ameketi kwenye gari la namna hii la rafiki yake, na viti vile vya ngozi vilikuwa vitu vya kwanza katika mwaka ule kutomuuma.

"Chukua, basi."

"Haiwezekani. Nikiliingiza mtaani kwetu na uso ule," akaionyesha shoo kwa kidevu, "majirani watasema ndiyo maana bili zangu ni kubwa. Wateja wangu ndio hao hao majirani. Nakitaka cha ndani. Cha nje sikitaki."

Moyo wangu ulipiga kama wa mtu aliyeokota pochi. Si kwa sababu ya mteja mmoja. Ni kwamba mtu huyu alikuwa ameisema, kwa maneno machache na mabuti machafu, shida nzima ya kuuza fahari katika nchi ambako kujiona ni dhambi kubwa kuliko kuiba. Walikuwapo wengi kama yeye. Fedha walikuwa nazo. Walichohitaji ni mahali pa kuzificha.

"Na kama lingekuwa na uso wa lile la kawaida?"

Akageuka. "Linaweza?"

"Matundu ni yale yale. Shoo ya kawaida, nembo ya kawaida mbele na nyuma. Nusu saa karakana."

"Basi na bei ishuke. Unaniondolea chrome yote hiyo inayong'aa."

Nilikaribia kumbusu. Mswidi aliyeanza kupatana bei mwenyewe, bila kufuatwa nje.

"Chrome nakuondolea bure. Ulipie nini, kazi ya fundi?"

"Wewe ndiye unayebaki na shoo. Utaiuza."

"Nitamwuzia nani? Umesema mwenyewe kuwa ni mbaya."

Tulikwenda hivyo mpaka kahawa ya wengine ikapoa. Alianzia mbali, nikaanzia mbali zaidi. Nikampa matairi ya misumari, yeye akaacha habari ya shoo. Nikashusha kidogo, akapandisha kidogo. Tukashikana mikono pale pale kwenye mkeka, yeye na mabuti yake, mimi na kikapu kwenye kiwiko. Nikamwita muuza piano aandike, kwa sababu karatasi zilikuwa mezani kwake. Farsta wakabadilisha uso wa gari mchana ule ule. Mtu wa mabomba akaondoka ameketi wima, na hakuna aliyegeuza shingo kumtazama. Ndicho alicholipia.

Ndani ya juma hilo wakapiga simu watu watatu, jamaa zake, wakiuliza kama kuna mengine "yasiyo na uso".

Bosi aliniita. Hapakuwa na kahawa.

"Umeuza chapa mpya kama chapa ya zamani," akasema.

"Nimeuza gari. La kwanza mwezi huu."

"Tumetumia miaka kulitenga jina hili na lile. Wewe umelirudisha katika nusu saa."

"Wapo watatu wengine kwenye simu."

"Wameshajibiwa. Hatufanyi hivyo."

Nikaona niiache hoja ya wale watatu, niokoe haki yangu. "Kamisheni yangu je?"

"Kamisheni ni ya meza. Mlango hauuzi."

Maneno hayo niliyasikia kwa Kiswidi, na ndani yangu nikayasikia tena kwa Kiswahili, ili niwe na uhakika. Mlango hauuzi. Nikamwuliza basi meza yangu, maana nje theluji ilikuwa inadondoka matone kutoka paani na majira yao yalikuwa yanabisha hodi. Akasimama, akazunguka meza yake, na kabla mkono haujafika begani nilirudi nyuma hatua moja. Mkono ukabaki hewani.

"Baada ya jambo hili," akasema, "utaelewa kwamba haiwezekani."

Nilielewa. Nilielewa kwamba haikuwahi kuwezekana, na kwamba mtu wa mabomba alikuwa zawadi kwake: sasa alikuwa na sababu. Muuza piano alileta bahasha ya kamisheni ile siku ya mshahara, akajaribu kuniachia nusu. Nikaikataa. Si kwa uungwana. Nilitaka deni libaki zima.

Farsta walinirudisha kwa sababu aliyechukua nafasi yangu alikuwa akiwaacha wateja waende kufikiri. Mtoto wetu alizaliwa. Watu wakarudi sebuleni, mmoja mmoja, na Mwalimu ndiye aliyewaleta, ingawa hadi leo anakana. Lakini haikuwa kama zamani. Nikitaja bei ya kitu chochote, hata nyanya, kulikuwa na mtu wa kuangalia miguu yake na kutabasamu. Mtu mmoja aliwahi kunipokea kwake na kandambili mkononi. Nilicheka. Nikaenda msalani nikakaa huko mpaka uso urudi.

Kisha ukaja ule mwaka wa shida ya mafuta. Kwa muda petroli ikawa ya kadi za mgao, na gari lenye kujionyesha likawa aibu hata kwa wale wachache ambao hawakuwa na aibu. Kiwanda kikaamua kuifunga chapa kimya kimya, kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mgonjwa. Magari yalibaki ndani ya duka, kwenye zulia lililokuwa sasa na rangi ya chai.

Bosi alikuja Farsta mwenyewe. Aliniona niko na mteja, akasubiri, mkono mmoja ameshika kofia. Sikumharakisha mteja wangu. Tulipomaliza nikamwonyesha kiti.

"Lazima yaondoke yote," akasema. "Wameniacha huru. Bei yoyote, uso wowote, shoo ya kawaida kama wakitaka. Hakuna anayeweza isipokuwa wewe."

"Muuza piano?"

"Amerudi kwenye piano." Akageuza kofia. "Meza ya dirishani ni yako. Kamisheni mara mbili ya kawaida. Ninaandika." Na kweli akatoa karatasi.

Nilisoma karatasi, nikaisoma tena. Haikuwa na kasoro. Nilitazama kichwa chake kilichoinama nikajua kwamba huyu mtu hakumbuki. Kwake lilikuwa jambo la mauzo. Alikuwa amekosea mtu wa kumweka mezani, sasa anarekebisha. Hasira ambayo nilikuwa nimeilea kwa uangalifu muda wote huo haikuwa hata kwenye orodha yake ya madeni.

"Kwanza gari la mtu wa mabomba," nikasema.

"Kamisheni ile? Sawa. Nitailipa."

"Leo."

"Leo."

Akaandika. Akadhani tumemaliza, akaanza kuvaa glavu.

"Bado. Nani atashika kikapu?"

"Kikapu?"

"Zulia liko, hata kama limekuwa chai. Sapatu zipo. Watu watakuja wengi, maana nitawaita, na wa kwetu wote nitawaita. Nani atakuwa mlangoni?"

Ilimchukua muda. Niliona damu ikimpanda, kutoka shingoni hadi masikioni. Hakuwa mjinga.

"Unataka nisimame mimi."

"Ulisema ni nafasi kubwa."

Akatazama dirishani. Nje treni ya kijani ilikuwa inaingia stesheni. Nilimwacha. Kuna wakati katika kupatana bei ambapo anayefungua mdomo kwanza ndiye anayelipa, na huo nimefundishwa kabla sijaota meno yote.

"Nusu saa," akasema hatimaye. "Ya ufunguzi."

"Siku nzima."

"Mpaka saa sita mchana. Nina watu wa kiwanda wanakuja mchana."

"Vizuri, wao pia wana viatu."

"Ni jambo la kitoto," akasema, kwa sauti ile ya taratibu. "Unataka nini hasa? Sema bei."

Sikutaka nyingine. Nilikuwa nimeihesabu msimu mzima, nimeirudia, na haikuwa na punguzo.

"Nirudishie Jumamosi moja," nikamwambia. "Moja tu, nyingine nakusamehe. Lakini iwe nzima, toka tunafungua mpaka tunafunga. Na mke wangu atakuja na mtoto mgongoni, hataweza kuinama. Mvue viatu taratibu, uvipokee kwa mikono miwili."